Mama Pazia na Nyota za Mchana

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa saba. Asubuhi ile upepo uliamka kabla ya watu. Ulizoa mawingu mazito, ukayasukuma mbali, na karani alipofungua mlango wa mahakama alikuta jua limeshaingia kupitia dirisha bila kupiga hodi.

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha Mama Pazia kizimbani. Kando yake alisimama mtu anayeitwa Mpole, amemnyooshea kidole mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa," Mpole alisema, "kuhusu huyu mama nina neno."

Neno gani? Twende tukalisikie.

Lakini kwanza nikushike mkono wewe uliyeungana nasi leo. Mama Pazia ni mshona mapazia, na jina hilo alipewa na wateja. Mpole ni mwenye nyumba ile ambayo polisi waliivamia siku tatu zilizopita mchana kweupe wakakuta dawa za kulevya zimefukiwa chini ya sakafu ya jiko. Mama Pazia alikutwa ndani ya nyumba hiyo, na mkononi hakuwa na kitu ila utepe wa kupimia. Hakushtakiwa kwa kuuza. Alishtakiwa kwa kukutwa katika nyumba inayotumika kwa biashara ya dawa za kulevya, akijua inatumika kwa biashara hiyo.

Akijua. Neno dogo kama punje ya mchanga, lakini likiingia jichoni halitoki.

"Si lazima useme chochote leo," hakimu alimwonya Mpole. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu aliyechoka lakini bado anawapenda wanafunzi wake.

"Najua, Mheshimiwa. Yangu nitayajibu siku yake." Mpole alisema kwa upole ule uliompa jina. "Lakini huyu mama hajui lolote. Ni mtu wa Mungu. Mwachieni aende zake nyumbani."

"Asante, Mungu wangu!" Sauti ilitoka benchi la nyuma. Alikuwa mume wa Mama Pazia, fundi saa, mtu mwembamba ambaye hata akiwa amekaa huinamisha kichwa kana kwamba anatafuta skrubu iliyodondoka.

"Kimya huko!" askari alifoka.

Mama Pazia alimtazama Mpole kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Machozi yalimlenga. Kumbe hata huyu ana moyo!

"Umemfahamu tangu lini?" hakimu aliuliza.

"Muda mrefu, Mheshimiwa. Tangu alipotushonea mapazia ya ile nyumba ya kwanza."

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai fupi, aliinuka taratibu kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki mwenyewe arudi kukitafuta.

"Mheshimiwa, nyumba ya kwanza ni ile iliyofungwa na polisi mwaka jana kwa kosa hilihili. Na mshtakiwa wa pili, yaani mama huyu, aliwaambia polisi kwamba alikuwa hajawahi kuwafanyia kazi watu hawa."

"Mimi?" Mama Pazia alishika ukingo wa kizimba. "Nyumba gani jamani?"

Kisha akakumbuka. Kuna mwanamke alikuja dukani mwaka jana, kavaa miwani ya jua, kaja na vipimo kichwani. Alitaka mapazia mazito yenye bitana mara mbili. Yalipokuwa tayari alikuja kuyachukua mwenyewe, akaondoka. Hakusema ni ya nyumba gani, naye Mama Pazia hakuuliza. Ni fundi gani anayeuliza pazia linakwenda kufunika nini?

"Aliyekuja dukani kwako alikuwa mke wangu," Mpole alimnong'oneza, akitabasamu. "Alisifu sana kazi yako."

Alikaa chini ameridhika, kama mtu aliyetenda wema. Ndugu yangu, kuna watu ukizama wanakutupia jiwe na kukuambia lishike, ni kamba.

Wakili wa Mama Pazia aliomba muda kidogo wa kuzungumza na mteja wake. Hakimu alikubali, na kwa kuwa mahakama haikai bure, karani aliita mtu mwingine aliyekutwa nyumba ileile siku ileile: muuza maziwa.

Muuza maziwa alipanda kizimbani huku anasalimia watu kama mgeni rasmi. Yeye alikutwa mlango wa nyuma na dumu lake. Shtaka lake lilikuwa lile lile la Mama Pazia, neno kwa neno.

"Unakiri au unakana?"

"Nakiri, Mheshimiwa. Nakiri na kuongeza."

"Huhitaji kuongeza. Ulijua nyumba ile inatumika kwa nini?"

"Mheshimiwa, watu wanalala mchana, wanakesha usiku, wananunua maziwa kila siku na hawana hata paka! Nilijua. Lakini nikasema, maziwa yangu hayana macho."

Watu walicheka. Hata askari wa mlangoni aligeuza uso ukutani. Hakimu alimsomea somo la maana, kisha akamwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mzima. Mambo yakaisha kabla kiti hakijapata joto.

Akiwa anatoka, alimpita Mama Pazia kwenye benchi la korido, amekaa kati ya askari na wakili.

"Dada, kubali yaishe. Mimi nawahi, maziwa yanaganda."

"Wewe ulijua," Mama Pazia alimjibu. "Mimi sikujua."

"Ndiyo maana mimi naenda nyumbani," alisema muuza maziwa, wala hakukusudia kumuumiza. Akaenda zake akipiga mluzi.

Fundi saa aliruhusiwa kusogea, lakini si kumgusa mkewe. Alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Fundi," Mama Pazia alimwita kama anavyomwita siku zote, "mama amekula?"

"Nilimpikia uji mwepesi. Nikauchuja kama unavyouchuja."

"Nimekuuliza amekula?"

Fundi saa alitazama kofia yake.

Hapa msomaji inakubidi ujue jambo moja. Mama mzazi wa Mama Pazia alipigwa na kiharusi. Tangu hapo hasemi, na upande mmoja wa mwili umelala. Chakula anakubali kwa mkono mmoja tu duniani, wa binti yake. Binti huketi ukingoni mwa kitanda na kusema sala fupi ya chakula, ile aliyofundishwa na mama huyo huyo alipokuwa mtoto. Akifika "amina", mama anafungua mdomo. Asiposikia sala hiyo kwa sauti hiyo, anabana meno.

"Nilisali sala yako yote," fundi saa alisema. "Nilijaribu hata kuifanya sauti iwe nyembamba kama yako."

"Halafu?"

"Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mwizi."

Mama Pazia alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Nesi je?"

"Alikuja jana kumwekea dripu. Mama aliing'oa kwa ule mkono mzima. Nesi amesema tukiendelea hivi..." Hakumaliza. "Amesema turudi kumwita."

"Na sasa yuko na nani?"

"Peke yake. Nimeegesha mlango tu, jirani amesema atachungulia. Mke wangu, sikuwa na jinsi. Ningebaki kule, nani angesimama hapa?"

Wakili alikohoa. Alikuwa kijana aliyepewa kesi hii na serikali bila malipo ya mteja, na kwapani alikuwa na mafaili ya watu wengine wenye kulia kama hawa.

"Mama, nisikilize, muda hautoshi," alisema. "Hakimu huyu hana kawaida ya kumfunga mtu aliyekutwa mara ya kwanza akakiri. Umemwona muuza maziwa. Lakini ukikana, baada ya yale maneno ya Mpole, dhamana itapingwa. Utarudi rumande, na kesi isikilizwe lini, mimi sijui."

"Kwa hiyo nikisema uongo naenda nyumbani, nikisema kweli naenda rumande?"

"Mimi siruhusiwi kukuambia useme uongo, mama. Nakuonyesha milango iliyopo."

"Hiyo si milango, mwanangu. Huo ni mtego wenye matundu mawili."

"Sema tu, mke wangu," fundi saa alimsihi. "Neno ni upepo. Mungu anauona moyo."

"Mungu anausikia mdomo pia, Fundi."

"Na mdomo wa mama yako?"

Alijutia maneno hayo palepale, lakini yalikuwa yameshatoka. Mama Pazia aliinama, akafumba macho, midomo ikicheza. Aliyoyasema sitayaandika hapa, maana hayakuwa yangu wala yako. Hata askari alishusha simu yake, akasubiri.

Alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Nitakiri," alisema.

Msomaji, ungedhani mambo yameisha. Anayetaka kujiokoa kwa kuanguka, kipi kigumu hapo? Anaachia mikono tu. Lakini subiri.

Alipanda tena kizimbani. Dirisha la mahakama lilikuwa na pazia moja kuukuu lililoning'inia kwa misumari, na jua lilipenya kwenye matundu yake na kumdondokea kifuani kama shanga. Mama Pazia aliyaona matundu hayo. Hata siku hiyo, jicho lake halikuweza kuyapita bila kuyaona.

Karani alisoma shtaka. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Fundi saa aliachia pumzi aliyoibana tangu asubuhi. Mwendesha mashtaka alifunga kalamu yake. Wakili alianza kufungua faili la mtu mwingine.

"Mama, niangalie," alisema hakimu. "Ulijua?"

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Mwendesha mashtaka, soma maelezo ya kosa."

Kijana wa tai fupi alisoma. Alisema askari walipoingia getini saa ya adhuhuri, mapazia ya nyumba ile yalifungwa moja baada ya jingine, dirisha hata dirisha, kama watu wanaopeana ishara. Alisema ndani kulikuwa giza totoro. Alisema mama huyu alikutwa amesimama nyuma ya pazia la sebuleni, kati ya kitambaa na bitana, na alipoulizwa kwa sauti kubwa "Nani huko?" alinyamaza kimya. Aliulizwa tena, akanyamaza.

"Maelezo hayo ni ya kweli?" hakimu aliuliza.

"Ni ya kweli. Mapazia niliyafunga mimi."

"Kwa nini uliyafunga?"

Hapo ndipo Mama Pazia alipaswa kusema, ili niwafiche. Maneno mawili tu. Wakili alimkazia macho. Fundi saa aliisokota kofia. Lakini kwa miaka yote hiyo, mtu akimuuliza mwanamke huyu juu ya kazi yake, ulimi wake ulijua njia moja tu.

"Nilikuwa nawinda nyota, Mheshimiwa."

Mahakama ililipuka kwa kicheko. "Nyota mchana!" mtu alisema. "Huyo naye kaonja mzigo!"

"Kimya!" Hakimu hakucheka. "Unawinda nini?"

"Nyota. Pazia la bitana likishaning'inizwa lazima lijaribiwe mchana, jua likiwa kali. Nafunga madirisha yote nyumba iwe giza. Halafu naingia nyuma, kati ya kitambaa na bitana, natazama. Sindano ikitoboa pabaya, au pindo likiachia, mwanga unapenya kidogo kama nyota. Kila nyota naitia pini. Baadaye naishona. Siwezi kumkabidhi mteja pazia lenye nyota."

Kicheko kilipungua.

"Na ulipoitwa, mbona hukuitika?"

"Pini nazibana kwa midomo, Mheshimiwa. Mdomo ulikuwa umejaa. Ningeitika ningezimeza."

Sasa hapakuwa na anayecheka. Askari mmoja, yule aliyemkamata, alitazama viatu vyake. Huenda alikumbuka kitu kilichodondoka sakafuni siku ile kikilia ting, ting, ting, pale mama huyu alipofungua mdomo.

"Basi hukujua nyumba ile ni ya nini," hakimu alisema.

Mama Pazia alishtuka kama mtu aliyejikuta amevuka barabara bila kutazama. "Nilijua, Mheshimiwa! Nimeshasema nilijua. Andika tu nilijua."

"Kwa nini niandike hivyo?"

"Ili niende nyumbani."

"Mama..."

"Mama yangu hajala, Mheshimiwa. Amelala kitandani, hali kwa mkono wa mwingine. Tangu nikamatwe hajafungua mdomo. Mlango umeegeshwa tu. Niandike nimekosa, unipe adhabu yoyote, nitafagia hata mahakama hii mwaka mzima. Ila leo niende nikamlishe."

Hakimu alivua miwani. Aliifuta, akaivaa, akaivua tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito kwa uangalifu.

"Sheria hainiruhusu kupokea ungamo la namna hii. Mtu akisema amekosa, halafu maelezo yake yakaonyesha hakukosa, mahakama haiwezi kumtia hatiani. Karani, andika: mshtakiwa amekana kosa."

"Sijakana!" Mama Pazia alipiga ukingo wa kizimba. "Nimekubali! Watu wote wamesikia nimekubali!"

"Mama, ninakulinda."

"Usinilinde, Mheshimiwa! Nakuomba, usinilinde!"

Nimeandika hadithi nyingi za watu waliolia wakiomba haki. Huyu ndiye wa kwanza kulia akiikimbia.

Wakili alirusha faili la mtu mwingine chini ya meza, akaomba dhamana. Aliomba vizuri, tena kwa moyo, Mungu ambariki. Alisema mama huyu ana duka, ana mume, ana mgonjwa, hana pa kukimbilia.

Mwendesha mashtaka alisimama. Hata yeye hakuonekana kufurahi. "Mheshimiwa, binafsi maelezo yake yamenigusa. Lakini mshtakiwa wa kwanza amesema anamfahamu muda mrefu, na ameitaja nyumba ya kwanza. Polisi wanaomba wiki moja waliangalie jambo hilo. Isijekuwa ndege wa rangi moja."

"Uamuzi wa dhamana Jumanne ijayo," hakimu alisema. Kila neno alilitoa kama anang'oa jino lake mwenyewe. "Hadi hapo, rumande. Naagiza ustawi wa jamii wapewe taarifa kuhusu mgonjwa."

"Watakwenda lini?" fundi saa alipaza sauti kutoka nyuma. "Mheshimiwa, watakwenda lini?"

Karani alipiga muhuri. Upepo ulirudi, ukalitikisa lile pazia kuukuu, na zile shanga za mwanga zikahama kifuani kwa Mama Pazia, zikapanda shingoni, zikamfikia usoni. Hakupepesa.

"Fundi!" aliita, askari akiwa ameshamshika mkono. "Nenda sasa hivi! Kimbia! Usingoje gari. Ukifika mwambie..." Alitafuta neno la kumwambia mtu anayesubiri sauti moja tu. "Mwambie amina. Anza na amina!"

Fundi saa alikwishageuka kuelekea mlangoni. Watu walikuwa wanamwachia njia. Ndipo sauti ile ya upole ikasikika tena kizimbani.

"Mheshimiwa, neno moja tu, nimalizie."

"Umeshasema ya kutosha!" wakili alifoka.

Lakini Mpole hakumtazama wakili, wala hakimu. Alimgeukia Mama Pazia, akaweka mkono kifuani, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, huruma ambayo hakuna mtu mle ndani aliyejua aifanye nini. Mwendesha mashtaka alichukua kalamu, akaanza kuandika kabla hata neno halijatoka. Fundi saa alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama, mimi ndiye niliyekuingiza humu, na deni hili nitalilipa," Mpole alisema, taratibu, kila mtu asikie. "Naahidi hapa, mbele ya hakimu, mbele ya askari na watu wote hawa: mama yako hatalala peke yake. Kabla jua halijazama, watu wangu watakuwa wamekaa kitandani kwake. Wala usihangaike kuwaelekeza. Nyumba yako tunaijua."